Nina digrii ya kemia, niko kiwandani: masta ya uhandisi kemikali niianzeje?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina shahada ya kwanza ya kemia, GPA 3.4, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika maabara ya kiwanda cha kusafisha mafuta ya alizeti hapa Dar, upande wa Barabara ya Nyerere. Nataka kusoma masta ya uhandisi kemikali bila kuacha kazi. Nianzie wapi, hesabu nitaziweza, na utafiti nichague upi? Wenzangu wananiambia nitengeneze mkaa wa maganda ya korosho wa kusafishia maji, eti ndiyo njia ya mkato."

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na utafiti, maana huo ndio utakaoamua mengine yote. Kozi za darasani wengi huzimaliza, hata kama ni kwa sapu moja au mbili. Wanaokwama hukwamia kwenye tasnifu: sampuli ziko mkoa mwingine, kipimo kinafanyika nje ya nchi, chombo kimeharibika na fundi hajulikani atakuja lini, na huku muda wa usajili unayoyoma na ada ya kuongeza muda inadaiwa. Kwa hiyo kabla hujafungua mfumo wa maombi, ujue utapima nini, kwa chombo gani, kilichopo wapi, na ni nani atakayekuruhusu kukigusa.

Tumalizane haraka na sifa za kujiunga. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huanzia GPA ya 2.7 kwa tano kwa masta, kwa hiyo 3.4 yako haina tatizo. Tatizo ni kwamba digrii yako ni ya kemia, si ya uhandisi. Nenda Mlimani, Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, CoET, ukamwone mratibu wa masomo ya uzamili wa idara ukiwa na transkripti mkononi. Muulize mambo mawili. La kwanza, je, mtu wa kemia anapokelewa moja kwa moja au atapangiwa kozi za nyongeza za shahada ya kwanza? La pili, programu inayofunguliwa mwaka huu ni ya kozi na tasnifu, au ni ya utafiti mtupu? Kwako wewe ya kozi na tasnifu ndiyo salama. Ya utafiti mtupu inamfaa mtu ambaye misingi ya uhandisi anayo tayari. Asiye nayo huligundua pengo lake mbele ya watahini.

Vyeti navyo viangalie mapema. Kama jina la cheti cha kidato cha nne linatofautiana na la digrii hata kwa herufi moja, au umeolewa na ukabadili ubini, shughulikia kiapo cha majina sasa. Jambo hili hukumbukwa wiki ya mwisho ya dirisha la maombi, wakati wakili ana foleni.

Kuna suala ambalo wenye digrii ya kemia huambiwa wakiwa wamechelewa. Masta ya uhandisi peke yake haikufanyi mhandisi mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi huangalia shahada ya kwanza ya uhandisi inayoitambua, ndipo mtu asajiliwe kama mhandisi mhitimu, apite kwenye mafunzo ya vitendo ya miaka 3 ya SEAP, kisha aombe usajili wa kitaalamu. Kama lengo lako ni kuitwa Mhandisi fulani na kuweka sahihi kwenye michoro, iandikie Bodi barua, uambatanishe transkripti, upate jibu la maandishi kabla hujalipa senti. Kama lengo lako ni kupanda hadi meneja wa uzalishaji, kuhamia kwenye ubora na mazingira, au kwenda PhD, masta hii inakutosha kabisa.

Sasa hesabu. Mkemia akiulizwa kuhusu asidi mafuta huru kwenye mafuta ghafi, anapima kwa taitresheni na kuandika asilimia 3. Kazi yake imekwisha. Kwa mhandisi hapo ndipo kazi inaanza. Tani moja ya mafuta hayo ina kilo 30 za asidi. Ukizihesabu kama asidi oleiki, ambayo uzito wake wa molekuli ni 282, na wa kostiki (sodiamu haidroksidi) ya kuziondoa ni 40, unahitaji kilo 30 mara 40 gawanya kwa 282, yaani kilo 4.26 za kostiki safi. Weka ziada ya asilimia 20, unapata kilo 5.1. Ukiichanganya kuwa mmumunyo wa asilimia 16, ni kama kilo 32 za mmumunyo kwa kila tani ya mafuta. Kisha maswali yanafuata: pampu ya ukubwa gani, joto kiasi gani, mvuke kiasi gani, sabuni chafu kiasi gani itatoka, na itaondoka na mafuta mazuri kiasi gani?

Chukua hilo la mvuke. Kupasha tani moja ya mafuta kutoka nyuzi 30 hadi 90, kwa joto maalumu la karibu kilojuli 2 kwa kilo kwa nyuzi, ni kilojuli 120,000. Geji ya mvuke inasoma bar 3. Wengi hapa hufungua jedwali la mvuke kwenye bar 3 na kuandika nyuzi 134. Wameshakosea, kwa sababu geji inasoma juu ya kanieneo ya hewa. Jedwali linataka kanieneo kamili, yaani bar 4, na mvuke huo una nyuzi 144 na joto fiche la kama kilojuli 2,133 kwa kilo. Gawanya: kilo 56 za mvuke. Kama mita ya kiwanda inaonyesha 80, zile 24 zimekwenda mahali: bomba lisilofungwa sufi, mtego wa mvuke unaovuja, au tangi lililo wazi juu. Kuzitafuta hizo 24 ndiyo kazi ya taaluma unayotaka kuingia.

Hesabu unazohitaji kuzimudu kweli ni mizania ya masi na nishati, milinganyo tofautishi ya daraja la kwanza na la pili, na kutatua mlinganyo kwa kompyuta pale usipotatulika kwa mkono. Jipime kwa swali hili. Tangi la lita 2,000 limejaa maji safi. Maji ya chumvi yanaingia kwa lita 50 kwa dakika, na mchanganyiko unatoka kwa kasi hiyohiyo, tangi likikorogwa vizuri. Andika mlinganyo wa ukolezi wa chumvi dhidi ya muda, uutatue, kisha useme itachukua muda gani kufika asilimia 95 ya ukolezi wa maji yanayoingia. Jibu ni kama dakika 120, kwa kuwa muda wa ukaazi, yaani lita 2,000 gawanya kwa 50, ni dakika 40 na unahitaji karibu mara tatu yake. Kama umeliandika mwenyewe ndani ya nusu saa bila kutazama mahali, usiogope. Kama hukujua pa kuanzia, jipe miezi mitatu ya kujiandaa kabla ya mwaka wa masomo kufunguliwa Oktoba au Novemba.

Katika miezi hiyo mitatu usijaribu kusoma digrii nzima. Nusu ya muda wote uweke kwenye mizania, ufanye maswali 60 au 70 kwa mkono, yakiwemo yenye mzunguko wa kurudisha malighafi na yenye mkondo wa kutolea uchafu. Robo nyingine iwe ya mwendo wa vimiminika na uhamishaji joto: upotevu wa kanieneo kwenye bomba, na kibadilisha joto kimoja ukikokotoe mwanzo hadi mwisho. Inayobaki iwe ya riakta, ukijua kwa nini ya kukoroga na ya bomba zenye ujazo sawa hazitoi matokeo sawa. Thamodainamiki umeshaigusa kwenye kemia. Utakachokuta kigeni ni mizania ya nishati ya mfumo ulio wazi, basi. Na kila jibu liwe na vizio vyake. Kwenye mitihani ya masta makosa mengi ya watu wazima ni vizio tu: kilokalori na kilojuli, bar ya geji na bar kamili, asilimia ya uzito na ya moli.

Tuje kwenye mkaa wa korosho.

Si utafiti mbaya kwa asili yake. Tatizo ni kwamba umefanywa kwa namna ileile mara nyingi mno, na watahini wameshauchoka. Muundo wake unajulikana: choma maganda, loweka kwenye kemikali, weka kwenye maji ya maabara yaliyotiwa floraidi au rangi, tikisa, chora grafu mbili za mstari mnyoofu, tangaza kuwa R², kipimo cha mstari kulingana na data, ni 0.99. Mtahini wa nje atauliza swali moja: mkaa huo ungefanya nini kwenye nyumba ya mtu?

Tukokotoe pamoja. Tuseme maji ya kisima huko Arusha yana floraidi miligramu 10 kwa lita, na unataka yafike 1.5, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Jaribio lako la kutikisa limefikia hapo kwa gramu 5 za mkaa kwa lita. Kila gramu imebeba miligramu 8.5 gawanya kwa 5, yaani 1.7. Familia inayotumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia inahitaji gramu 100 za mkaa kila siku, kilo 3 kwa mwezi. Nani anauleta, na uliotumika unatupwa wapi? Hapo tasnifu nyingi hunyamaza. Na kuna ufundi ambao ungeziokoa: kwenye chupa ya kutikisa mkaa unaishia kupatana na maji yenye 1.5, lakini kwenye kolamu mkaa wa mwanzo wa kitanda unakutana na maji yenye 10, kwa hiyo unabeba zaidi kabla ya kuchoka. Anayefanya jaribio la kolamu na kuchora lini floraidi inaanza kupenya ana jambo la kusema. Anayeishia kwenye chupa ana nusu ya kazi.

Ukiamua kuufanya hata hivyo, zingatia haya. Elektrodi ya floraidi lazima itumike na bafa ya TISAB (ya kutuliza pH na nguvu ya ioni) kwa ujazo sawa na sampuli, pH iwe kati ya 5 na 5.5, na mteremko wa ukalibishaji uwe karibu na milivolti 54 hadi 60 kwa kila mara kumi ya ukolezi. Ukipata 45, elektrodi imechoka, usiendelee kukusanya namba. Fanya kila pointi mara tatu na weka chupa tupu isiyo na mkaa, kwa sababu pH ikibadilika utadhani floraidi imenaswa. Jaribu pia maji ya kisima halisi, yenye bikaboneti zake, na usiishie kwenye maji ya maabara. Na piga hesabu ya kemikali ya kuamsha mkaa: baadhi ya mapishi hutaka kilo moja hadi nne za potasiamu haidroksidi kwa kila kilo ya makaa. Kwa bei hiyo, mkaa wa kununua unaweza kuwa rahisi kuliko wako wa "taka". Maganda ya korosho yenyewe yana mafuta yanayounguza ngozi na moshi wake ni mkali. Hiyo si kazi ya kufanyia uani Tabata.

Wewe una bahati ambayo mwanafunzi wa kutwa hana: uko ndani ya kiwanda, na maabara yenu ina vyombo vya kupimia mafuta kila siku. Mimi ningekushauri ufanye utafiti juu ya upotevu wa mafuta kwenye hatua ya kostiki. Viwandani hupimwa kwa uwiano wa hasara kwa asidi: mafuta yenye asidi asilimia 3 yakipotea asilimia 6, uwiano ni 2. Ile sehemu ya juu ya asidi ni mafuta mazuri yaliyobebwa na sabuni chafu, ile mnayoiita sopstoki, au yaliyogeuzwa sabuni na kostiki iliyozidi. Swali la tasnifu ni fupi: ni ziada gani ya kostiki, joto gani na muda gani wa kukoroga unaopunguza hasara hiyo bila kuacha sabuni kwenye mafuta?

Vigezo ni vitatu, kila kimoja kwa viwango vitatu, kwa mfano ziada ya asilimia 10, 30 na 50. Joto 65, 75 na 85. Muda dakika 5, 15 na 25. Ukifanya michanganyiko yote ni majaribio 27, na ukiyarudia ni 54. Tumia mpango wa Box-Behnken, unaochagua baadhi tu ya michanganyiko, utafanya 15, matatu kati yake yakiwa ya katikati, na hayo matatu ndiyo yanayokuonyesha kosa la jaribio lenyewe. Usifanye moja tu la katikati ukidhani umeokoa muda; bila marudio huwezi kujua kama tofauti unayoiona ni ya joto au ya mkono wako.

Fanyia kwenye gramu 500 za mafuta. Kwa asidi asilimia 3 kostiki safi ya kinadharia ni gramu 2.13, kwa ziada ya asilimia 20 ni 2.56, yaani gramu 16 za mmumunyo wa asilimia 16. Hapa ndipo mambo huharibika, tena kwa vitu vidogo. Kwanza, kostiki ya chembechembe iliyofunguliwa mara nyingi imeshavuta maji na kaboni dayoksaidi; pima mmumunyo kwa taitresheni asubuhi ya jaribio, usiamini lebo. Pili, kama mnatanguliza asidi ya fosfori kuondoa utomvu, nayo inakula kostiki. Asilimia 0.1 ya asidi ya 85 kwenye gramu 500 za mafuta ni gramu 0.425 za asidi safi, na inaweza kula hadi gramu 0.5 za kostiki, karibu robo ya ile 2.13. Usipoihesabu, ile "ziada ya asilimia 20" yako haipo. Uko chini ya sifuri, na grafu zako zote zitakuwa zinasema uongo kwa adabu. Tatu, mafuta yanayoganda kwenye kuta za bika. Gramu 5 zikibaki humo ni asilimia 1 nzima ya jaribio, wakati hasara unayoitafuta yote ni 6. Pima bika tupu kabla na baada, pamoja na kijiti cha kukorogea.

Funga mizania ya kila jaribio: kilichoingia ni mafuta, kostiki na maji ya kuoshea, kilichotoka ni mafuta safi, sabuni chafu na maji machafu, pamoja na mvuke ulioruka. Ikifunga kati ya asilimia 95 na 105, endelea. Ikifunga kwa 88, usiandike sura ya matokeo. Kuna mkondo hukuupima. Mafuta ndani ya sabuni chafu yapime kwa kuyatoa kwa heksani kwenye chombo cha Soxhlet, chini ya kofia ya hewa na jiko la umeme lililofunikwa, kwa sababu heksani inachemka karibu nyuzi 69 na mvuke wake unashika moto kwenye joto la kawaida la chumba. Ukikausha sampuli, nyuzi 105 kwa usiku kucha kwenye hewa huoksidisha mafuta ya alizeti na uzito unapanda badala ya kushuka; tumia oveni ya vakyumu, au ukaushe kwa muda mfupi hadi uzito utulie.

Mpaka hapo umefanya kemia nzuri. Kinachoigeuza kuwa uhandisi ni sura ya kupandisha ukubwa. Mtahini atauliza: kwenye bika ulikoroga mara 600 kwa dakika kwa pangaboi la sentimita 5, kwenye tangi la kiwanda lenye pangaboi la sentimita 50 utazungusha mara ngapi? Ukisema 600 umeanguka. Ukishikilia nguvu kwa ujazo iwe ileile, katika mtiririko wa vurugu na matangi yanayofanana umbo, mzunguko unashuka kwa uwiano wa vipenyo kipeo theluthi mbili: moja ya kumi kipeo hicho ni 0.215, kwa hiyo kama mara 129 kwa dakika. Kisha thibitisha kwa namba ya Reynolds kwamba bika lako kweli lilikuwa na vurugu, kwani mafuta ni mazito na mara nyingi halina; hapo kanuni hiyo haitumiki bila maelezo. Sura hiyo ya kurasa 10 ndiyo itakayokutetea kwenye mtihani wa mdomo kuliko picha kumi za hadubini.

Kama hatua ya kostiki haipatikani, upande wa pili ni udongo wa kung'arishia mafuta. Kiwanda cha tani 100 kwa siku kikitumia udongo wa asilimia 1, kinatoa tani 1 ya udongo mkavu kila siku, na uliotumika hubeba mafuta ya asilimia 20 hadi 40 ya uzito wake. Kwa asilimia 25, mafuta ni robo ya uzito wote na ile tani ya udongo mkavu ni robo tatu, kwa hiyo ni kilo 333 za mafuta zinazotupwa kwa siku. Somo hilo lina pesa ndani, nawe utasikilizwa na uongozi. Ila angalizo: udongo huo ukirundikwa unajipasha wenyewe hadi kuwaka. Usihifadhi ndoo ya sampuli chini ya meza ya ofisi.

Kuhusu uongozi, pata barua kabla ya pendekezo la utafiti kupitishwa. Barua iseme mambo manne: unaruhusiwa kuchukua sampuli na kusoma rekodi za uzalishaji, kiwanda kitatajwa kwa jina au kitaitwa "kiwanda A", tasnifu itawekwa maktaba ya chuo na inaweza kuchapishwa, na hakuna atakayezuia matokeo baada ya kukusanywa. Hilo la nne bosi atalikwepa. Lisukume kwa upole, hata mkikubaliana tu kwamba asome rasimu na kutoa maoni ndani ya siku 30. Kama kiwanda ndicho kitakacholipa ada, soma mkataba wa kurudisha utumishi: ni miaka mingapi, na ukiondoka mapema unarejesha kiasi gani. Chuoni nako utahitaji kibali cha utafiti. Kianze mara pendekezo linapopita.

Msimamizi usimchague kwa cheo. Mpelekee ukurasa mmoja: tatizo, namba mbili za kiwandani, utakachopima, vyombo vilivyopo, na kile usichokuwa nacho. Kisha muulize ana wanafunzi wangapi sasa na waliomaliza miaka ya karibuni walichukua muda gani. Si utovu wa adabu; ukiuliza kwa heshima atakujibu. Mkikubaliana, kila kikao mwandikie barua pepe fupi siku hiyohiyo: tulichokubaliana ni hiki na hiki. Inasaidia pale anaposafiri au anapobadilishwa.

Vipimo vya nje viwe vichache. Hadubini ya elektroni na eneo la uso kwa njia ya BET ndivyo hukwamisha watu. Kama swali lako halivihitaji, usiviweke ili kupamba. Kwa vichache vitakavyobaki, TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, pale Msasani na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni pa kuulizia kwanza. Pata ankara ya makadirio kabla bajeti haijafungwa, uliza idadi ya chini ya sampuli, na uliza kama gesi ya chombo ipo.

Kwenye kozi utakutana na programu za kuiga mitambo. Aspen ni ya leseni na utaitumia chuoni tu. Nyumbani weka DWSIM, ni ya bure. Kosa linalorudiwa ni kuacha modeli ya thamodainamiki iliyokuja yenyewe. Ukiiga utenganishaji wa ethanoli na maji kwa modeli ya Peng-Robinson tupu, usishangae kolamu ikikupa ethanoli ya asilimia 99 bila kelele, wakati kwenye kanieneo ya kawaida mchanganyiko huo hukwama karibu asilimia 95.6 kwa uzito. Tumia NRTL au UNIQUAC, kisha linganisha na data za kweli kabla ya kusanifu chochote.

Muda wako. Masta hapa nchini ni krediti 180 angalau, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo saa 1,800. Mtu wa kazini anayeweza kutoa saa 20 kwa wiki anahitaji wiki 90, karibu miaka miwili bila kuumwa wala msiba. Omba ratiba ya mwaka uliopita uone vipindi viko saa ngapi. Kama vinaanza saa kumi na moja jioni, kumbuka unatoka TAZARA, unapita Mandela yote kwa Buguruni na Tabata hadi Ubungo, saa ambayo barabara hiyo haina huruma. Bora kuomba mwajiri akupe zamu ya asubuhi siku tatu za wiki kuliko kuahidi kwamba utawahi.

Nje ya nchi nitagusa tu, kwa kuwa hutaki kuacha kazi. Uingereza masta nyingi ni za mwaka mmoja, na ufadhili wa Chevening hutaka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambazo kwa ajira ya kutwa unazo tayari. Baadhi ya programu za DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, zinazolenga nchi zinazoendelea hutaka uzoefu wa miaka 2 na digrii isiyozidi miaka 6. Vyuo vya Ujerumani huhesabu kozi zako za uhandisi moja moja. Mtu wa kemia hukataliwa kwa mtaala, si kwa GPA. Kwa hiyo kozi za nyongeza utakazopangiwa Mlimani usizione adhabu.

La mwisho ni kalenda ya alizeti. Mavuno ya Singida na Dodoma huja katikati ya mwaka, na mbegu inavyokaa ghalani ndivyo asidi kwenye mafuta inavyopanda. Ukifanya majaribio saba mwezi wa Agosti na nane mwezi wa Februari, umefanya tafiti mbili tofauti. Chukua mafuta ghafi ya siku moja, lita 20 zinatosha kwa majaribio 15 ya gramu 500 na mengine ya kurudia. Yakoroge, yagawe kwenye chupa nyeusi zilizojazwa hadi juu ili hewa isibaki, yaweke kwenye jokofu, na upime asidi ya chupa moja kila wiki. Kabla ya kila jaribio ipashe chupa moto hadi nta yote iyeyuke na uitikise, maana nta ya alizeti huganda na kutua chini, na atakayemimina ya juu tu atakuwa anapima mafuta mengine.